Safari ya "Due to": Kutoka Kivumishi hadi Kihusishi Changamano

Walimu wengi wa lugha katika ukanda wetu wamewahi kufundishwa, au wamewahi kufundisha wao wenyewe, kwamba ni kosa kuanza sentensi ya Kiingereza kwa "due to". Mwanafunzi aliyeandika "Due to heavy rain, the match was postponed" (mechi iliahirishwa kutokana na mvua kubwa) aliandikiwa "because of" juu ya mstari kwa wino mwekundu na kupunguziwa alama. Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni hiyo: ilitoka wapi, nani waliitetea, na ilipoteza nguvu kwa njia gani. Lengo letu si kuwafundisha Kiingereza wasomaji wa jarida la Idara ya Kiswahili. Sisi pia hushika kalamu nyekundu, na yatupasa kujua kosa tunalolisahihisha ni kosa la namna gani.

Kwanza tueleze istilahi. Kihusishi changamano ni fungu la maneno mawili au zaidi linalofanya kazi ya kihusishi kimoja. Kiingereza kina mengi ya aina hiyo: "because of", "instead of", "in spite of", "on behalf of", "according to". Kihistoria, mengi kati ya hayo hayakuzaliwa yakiwa vihusishi. "Because of" ilitokana na maneno "by cause of", yaani kwa sababu ya, na ilikwishaandikwa katika karne ya 14. Ndani ya "instead of" mna nomino ya kale "stede", yenye maana ya mahali. Kwa hiyo kufanya jambo "instead of" mtu kulikuwa ni kulifanya mahali pake. Nomino hizo zimezama ndani ya mafungu hayo, na msemaji wa leo hazioni tena.

Safari ya "due to" ni ya aina hiyo hiyo, ila ilichelewa, na kuchelewa huko ndiko kulikoleta ugomvi. Neno "due" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha Kale, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "debere", yaani kuwiwa. Kilichokuwa "due" kilikuwa ni deni au haki ya mtu. Baadaye maana ilipanuka: tokeo likachukuliwa kama kitu kinachodaiwa na chanzo chake. Ndipo ikawezekana kusema "The accident was due to carelessness", yaani ajali ilitokana na uzembe. Katika sentensi hii "due" ni kivumishi. Kinafuata kitenzi kishirikishi na kinaeleza nomino "accident". Matumizi hayo hayakuwa na mpinzani.

Sasa tutazame sentensi ya pili: "Due to carelessness, he lost his job", yaani alipoteza kazi kutokana na uzembe. Hapa "due" kinaeleza nomino gani? Si "he", kwa kuwa mtu huyo hakusababishwa na uzembe. Si "job" pia. Kirai chote kimekuwa kielezi cha tendo la kupoteza kazi, na "due to" imekuwa kihusishi. Wanasarufi wa kimapokeo waliona kwamba kivumishi kimeachwa kikining'inia bila nomino ya kukishikilia, wakakikataa.

Waliokataa walikuwa watu wenye uzito. William Strunk, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliliweka jambo hili miongoni mwa makosa katika kijitabu cha uandishi alichowachapishia wanafunzi wake mwaka 1918. Kijitabu hicho kilipofanyiwa marekebisho na E. B. White mwaka 1959, kilisambaa sana katika vyuo vya Marekani. Nchini Uingereza, H. W. Fowler alitoa kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, na humo akadai kwamba wanaoitumia "due to" kama kihusishi changamano ni wale wasio na elimu. Tunaweza kujifunza jambo kutokana na tarehe hizo. Mtu hakatazi kwa maandishi jambo ambalo halifanywi. Kama Strunk na Fowler waliona haja ya kulikemea, basi lilikwisha kuenea katika maandishi ya wakati wao.

La kushangaza zaidi ni kwamba Fowler huyo huyo aliikubali "owing to" kuwa kihusishi changamano halali, ilhali historia yake inafanana sana na ya "due to". "Owing" inatokana na kitenzi "owe", yaani kuwiwa: maana ile ile ya deni. Nayo ilianza kwa kueleza nomino, kisha ikajitenga na kuanza kusimama kichwani mwa sentensi. Hata "owing" haikusalimika ilipokuwa changa: Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilalamikia mazoea ya waandishi kulitumia umbo hilo la kutenda kwa maana ya kutendwa. Kufikia mwaka 1926 lawama hiyo ilikuwa imesahaulika. Kwa hiyo tofauti kati ya "owing to" iliyosifiwa na "due to" iliyolaumiwa haikuwa tofauti ya mantiki. Ilikuwa tofauti ya umri.

Tarehe 14 Oktoba 1957, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua Bunge la Kanada mjini Ottawa, akiwa mtawala wa kwanza wa ufalme huo kufanya hivyo yeye mwenyewe. Hotuba ya kiti cha enzi huandaliwa na serikali, na mtawala huisoma. Katika sehemu iliyohusu wakulima wa nafaka waliokosa fedha kwa kukosa soko, sentensi ilianza kwa "due to". Hivyo matumizi ambayo Fowler aliyaita ya wasiosoma yalisikika kwa sauti ya Malkia, mbele ya Bunge, katika waraka rasmi wa dola. Watetezi wa kanuni walibaki na kazi ngumu. Kamusi ya Fowler ilirekebishwa na Ernest Gowers mwaka 1965, kisha Robert Burchfield akaiandika upya mwaka 1996. Huyu wa mwisho aliona kwamba vita hivyo vinaelekea kusahaulika.

Wanaisimu wana jina la mabadiliko ya aina hii. Mwaka 1912 Mfaransa Antoine Meillet alieleza jinsi neno lenye maana kamili linavyogeuka kuwa chombo cha sarufi, akaita jambo hilo usarufishaji. Katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik waliiweka "due to" miongoni mwa vihusishi changamano, na wakaonyesha kwamba mafungu ya namna hiyo hayakuganda kwa kiwango kimoja. "In spite of", kwa mfano, imeganda: huwezi kuiingiza "the" katikati yake. "On behalf of" bado inaachia nafasi, kwani mtu husema pia "on my behalf". Si wote waliokubaliana nao. Huddleston na Pullum, katika sarufi yao ya mwaka 2002, walitilia shaka uchanganuzi unaoyahesabu mafungu mengi ya aina hiyo kuwa kihusishi kimoja. Mjadala huo unahusu jinsi ya kuyachanganua. Usahihi wa kuyatumia ni suala jingine.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaona ndugu wa "due to" nyumbani kwake. Tulinganishe sentensi mbili: "Ajali ilitokana na uzembe" na "Kutokana na uzembe, alipoteza kazi". Katika ya kwanza, "ilitokana" ni kitenzi kamili chenye kiambishi cha ngeli ya "ajali". Katika ya pili, "kutokana na" haina upatanisho na nomino yoyote. Kilichotoka na uzembe si "yeye" wala "kazi". Ni pengo lile lile walilolishutumu Strunk na Fowler, na bado magazeti, taarifa za serikali na tasnifu zetu zimejaa "kutokana na" mwanzoni mwa sentensi bila mtu kulalamika. Kwa upande mwingine, "badala ya" na "kwa niaba ya" bado zina nomino hai ndani yake, kwa kuwa tunasema "badala yangu" na "kwa niaba yake". Kipimo cha Quirk na wenzake kinaweza kutumika darasani kwetu, na wanafunzi waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi watakifurahia.

Historia hii inatupa mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mwanafunzi aliyeanza sentensi kwa "due to" hastahili kunyang'anywa alama. Inatosha kumweleza kwamba wapo wahariri wachache wanaoshikilia kanuni ya zamani, ili ajue anamwandikia nani. Pili, lawama moja ya wakongwe hao bado ina mashiko: Fowler, na baadaye Gowers katika kitabu chake cha mwaka 1948 kwa watumishi wa serikali, walionya kwamba vihusishi changamano vikirundikana hujaza maandishi nomino za dhahania na kuficha mtendaji. Tatu, ugonjwa huo umeshahamia kwetu. Msemo "kutokana na ukweli kwamba" ni tafsiri ya neno kwa neno ya "due to the fact that", na mara nyingi "kwa kuwa" ingetosha. "Kutokana na ukweli kwamba kulikuwa na ucheleweshaji wa malipo" yaweza kuandikwa "Kwa kuwa Wizara ilichelewesha malipo", na hapo msomaji anajua nani alichelewesha.

Kwa hiyo tunapendekeza walimu wenzetu, kabla ya kukata alama, wajiulize maswali mawili. Je, sentensi hii inamzuia msomaji kuelewa? Na je, kanuni ninayoitumia inafuatwa na waandishi wazuri wa leo, au niliirithi tu kwa mwalimu wangu? Kama jibu la yote mawili halimtii mwanafunzi hatiani, alama ni haki yake.