Jicho la Mwadui

Hapa Kolandoto, kila ukoo una mtu wake aliyepita mgodi wa almasi wa Mwadui. Kwetu alikuwa baba mdogo, fundi umeme. Almasi zenyewe hakuzisimulia sana. Alichopenda kusimulia ni mashine iliyokuwa ikiziona, na siku hizi, nikisikia habari za magari yanayojiendesha, maneno yake hunirudia.

Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa Mwadui mwaka 1940. Eneo lake ni hekta 146, lakini almasi zimetawanyika mno: siku hizi tani nzima ya mwamba haitoi hata robo ya karati, yaani sehemu moja ya ishirini ya gramu. Kuchimba si shida. Shida ni kuchambua.

Zamani mchambuzi mkuu wa migodi ya almasi alikuwa grisi. Almasi haishiki maji, ila hunasa kwenye mafuta. Kokoto hupitishwa pamoja na maji juu ya meza ya mteremko inayotikisika, iliyopakwa grisi; mawe mengine yaliyolowa huteleza na kwenda zake, almasi hubaki imeganda. Kisha grisi hukwanguliwa na kuchemshwa, mawe yakabaki chini. Kazi chafu, tena yenye mikono mingi, penye kitu kinachoweza kufichwa chini ya ulimi. Hilo kila mgodi wa almasi duniani umeliogopa.

Kuanzia miaka ya 1960 eksirei ikaenea migodini. Almasi nyingi zikipigwa miale hiyo hung'aa. Kokoto hudondoka gizani kutoka kwenye mkanda, jicho la umeme hunasa mng'ao, na papo hapo vali hufyatua upepo unaolisukuma jiwe ndani ya kisanduku kilichofungwa. Yote hayo jiwe likiwa bado hewani, wala haulizwi mtu. “Ukingoja amri ya bosi, jiwe limeshapita,” alikuwa akisema baba mdogo. Upepo hubeba na kokoto za jirani, lakini nani anajali? Afadhali takataka kumi kuliko kupoteza almasi moja.

Wahandisi wa magari wamefika pale pale kwa sababu nyingine. Kamera za gari humwaga picha bila kukoma, na kuzisafirisha zote hadi kompyuta kuu kunakula muda na umeme. Basi la Mwanza likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, limeshasogea zaidi ya mita mbili. Ndiyo maana wahandisi wanataka jicho lenyewe lifikiri. Mei 2020 Sony ilitangaza IMX500, kihisi cha picha kilichobebeshwa akili bandia mgongoni: badala ya kutoa picha, kinaweza kutoa jibu tu, kwamba hapa pana mtu. Hakikukusudiwa magari hasa, lakini njia ndiyo hiyo.

Mimi niliyelelewa na hadithi za eksirei nina wasiwasi. Jicho la mgodini lilikuwa na swali moja tu, na bado lilikosea: baadhi ya almasi, hata zilizo safi kabisa, hung'aa kidogo mno, zikapita na mabaki. Ndiyo maana migodi mingine iliendelea kuyapitisha mabaki hayo kwenye grisi. Jicho la gari lina maswali chungu nzima, na likiona kisichokuwepo nako ni balaa. Kokoto ya ziada kisandukuni haimdhuru mtu. Breki ya ghafla kwa sababu ya kivuli ni jambo jingine, nyuma kuna lori la pamba.

Tena jicho hilo hufundishwa kwa mifano. Pale njia panda yetu, barabara ya Lalago inapochepuka kutoka ile ya Mwanza, jioni hupita mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa, imesheheni hadi ukiwa nyuma huwaoni ng'ombe. Dereva wa hapa huutambua mkokoteni kwa vumbi lake. Kihisi kilichofundishwa kwa barabara za California kitajibu nini? Na kama kilitupa picha kikabakiza jibu tu, mchunguzi wa ajali atatazama nini? Mgodini angalau mabaki yalilundikwa. Ukiishuku mashine, unayapitisha tena.