Nyoka wa Hinde

Siku hizi kwetu Kisii na Nyamira, nyoka akionekana kwenye majani chai haulizwi jina. Mtu anapiga kelele, panga linaletwa, mambo kwisha. Labda ndiyo maana niliposoma habari za nyoka mdogo wa milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ndugu wa kifutu, kilichonishika ni majina yake.

La kwanza alipewa mwaka 1910 na Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, London: Vipera hindii. Hinde alikuwa daktari aliyegeuka mtawala wa kikoloni huku. Lebo ilisema nyoka katoka Fort Hall, yaani Murang'a, futi 4,000 juu ya bahari. Hapo pana walakini, manake huyu anaishi kwenye baridi, kuanzia kama mita 2,700 kwenda juu. Nadhani Fort Hall ndipo alipofikishwa ofisini tu.

Vipera lilimweka ukoo mmoja na nyoka wa Ulaya. Baadaye akahamishiwa Atheris, nyoka wa mitini, ilhali yeye hukaa chini kwenye nyasi. Mwaka 1996 Broadley akampa jenasi yake, Montatheris. Mpaka leo yumo humo peke yake.

Urefu wake haupiti sana rula ya shule. Hula vinyonga na mijusi, huzaa watoto wachache walio hai. Kule Brazili kuna nyoka wa dhahabu wa kisiwa cha Queimada Grande, mwenye vishimo vya kuhisi joto usoni. Afrika hatuna wa aina hiyo. Yule yuko hatarini kutoweka, na bahari imemfungia. Wa kwetu amefungiwa na joto la mabonde na mashamba. Dunia ikizidi kupata joto atapanda, lakini mlima nao una mwisho.

Miaka miwili kabla ya jina la Hinde, mwaka 1908, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Mwingereza hapa Gusii, na jeshi likaja kuchoma nyumba. Wazee husimulia kwamba kichwa cha Otenyo kilipelekwa Uingereza. Serikali ni ile ile, bwana. Nyoka aliandikiwa lebo. Kichwa cha Otenyo mpaka leo kinaulizwa kiko wapi.

Basi kisichoandikwa ni rahisi kupotea bila kudaiwa. Vilima vyetu vya Manga tumevilima karibu mpaka juu. Waliokuwa wakitambaa pale kabla ya chai na migomba, nani aliwaorodhesha? Wako wazee Nyamira wanaojua nyoka yupi aogopwe na yupi aachwe apite, na kila mmoja wanamwita kwa jina lake. Nimeanza kuwauliza. Ninaandika.