Habari za Mguu wa Bandia na Maumivu ya Kiuno



Vita vya 1939–1945 vilipokwisha, wapo askari wa K.A.R. waliorudi Kenya hawana mguu. Mwaka 1958 kilianzishwa chama cha A.P.D.K. kuwasaidia walemavu wa viungo. Mwaka 1968 huko Jaipur, Bara Hindi, fundi Ram Chandra Sharma na Dokta P. K. Sethi waliunda mguu wa mpira wa bei nafuu. Na mwaka 1981 mafundi wakaanza kufundishwa Moshi. Hivyo wengi waliweza kusimama.

Lakini kusimama si kupona. Kigutu husinyaa, mguu wa bandia hulegea, nyonga huenda upande, na kiuno hubeba mzigo kila hatua. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu 255 waliokatwa mguu walisumbuliwa na mgongo daima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: sisi twauona mguu, kiuno hatukioni.

Mchuuzi asiyeweza kuketi wala kulala, mguu umemfaa nini? Basi twawasihi: tumchangiapo mwenzetu mguu, tumchangie na nauli ya kurudi kwa fundi apimwe upya.