Bunduki ya urithi: Chapa za mitutu ndizo hufichua umri wake

BUNDUKI ya marisau iliyoachwa na marehemu haina cheti cha kuzaliwa, lakini mitutu yake huwa imebeba alama zinazoeleza ilikopimwa na, kwa kukadiria, ni lini.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni ya kisheria. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha za Moto (Sura ya 114) inamtaka kila anayemiliki bunduki awe na cheti chake mwenyewe. Cheti cha marehemu hakirithiwi pamoja na mali yake. Kwa hivyo, jamaa anayeikuta silaha nyumbani hana budi kuwaarifu polisi mapema, na ukaguzi wake uachiwe fundi mwenye idhini.

Bunduki nyingi kuukuu za mitutu miwili zilizoletwa na walowezi zilitoka Uingereza. Jina lililochorwa ubavuni linaweza kupotosha, kwani wauzaji wengi waliagiza bunduki kutoka viwanda vya Birmingham kisha wakaziandika majina ya maduka yao.

Umbo nalo hutoa dokezo tu. Nyundo mbili za nje ni dalili ya muundo wa kale, kwani muundo wa Anson na Deeley, ambao nyundo zake zimefichwa ndani, ulisajiliwa mwaka wa 1875. Hata hivyo, bunduki za nyundo za nje ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20.

Ushahidi wa kutegemewa zaidi umo chini ya mitutu, pale inapobanduliwa kutoka kwa kitako. Nchini Uingereza, sheria ililazimisha kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, kisha upigwe chapa. Kazi hiyo ilifanywa London na Birmingham, ambako kituo cha majaribio kilianzishwa mwaka wa 1813.

Maneno 'NOT FOR BALL', yaliyoonya kwamba mtutu uliobanwa mdomoni usifyatue risasi ya duara, yalitumiwa kati ya 1875 na 1887. 'NITRO PROOF', yaani mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, yalianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 19. Herufi BNP chini ya taji ni za Birmingham, kuanzia katikati ya miaka ya 1950.

Aidha, nambari ya bunduki inafaa kunakiliwa. Kampuni kama vile Purdey na Holland & Holland zilihifadhi madaftari yanayoweza kuonyesha mwaka wa kutengenezwa na mnunuzi wa kwanza.

Umri huo si jambo la fahari tu. Mtutu uliojaribiwa kwa baruti nyeusi pekee unaweza kupasuka ukitiwa risasi za kisasa. Isitoshe, bunduki nyingi za zamani za kipimo cha 12 zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Risasi hiyo huingia bila taabu kwa kuwa mdomo wake umekunjwa, lakini inapolipuka hukunjuka mahali pembamba na kuzidisha shinikizo.

Mrithi asiyejua chapa hizo zinasema nini asithubutu kuifyatua bunduki hiyo hata mara moja.