Faranga mia kwa siku: cherehani za Kigali

Nguo za mitumba Wanyarwanda huziita caguwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni "chagua" yetu. Historia ya mshonaji wa kiwandani Kigali haisimuliki bila lundo hilo la mitumba.

Kiwanda cha nguo cha UTEXRWA kilianza mwaka 1984. Miaka 10 baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakasimamisha kila kitu. Viwanda viliporudi kazini, vilipaswa kushindana na caguwa. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani, inayouza mitumba, ikanuna, na Julai 2018 nguo za Rwanda zikapoteza msamaha wa ushuru katika soko lake chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika.

Wakati huo cherehani za umeme zilikwishaanza kunguruma Masoro, kwenye eneo maalumu la viwanda la Kigali. Kwenye mstari wa kushona, hakuna anayemaliza shati zima. Huyu ni kola, kola tu, kutwa; yule mikono; mwingine vifungo. Mmoja akichelewa, kazi inarundikana mbele yake na jirani yake anakaa bure. Msimamizi keshafika.

Maisha haya ya kiwandani Wajapani waliyapitia zamani. Kiwanda cha hariri cha Tomioka kilipofunguliwa mwaka 1872, wazazi waligoma kutoa binti zao: walivumishiwa kuwa mafundi wa Kifaransa wanakunywa damu, kumbe ni mvinyo. Hofu ya kweli ilikuwa kwingine. Katika viwanda vya watu binafsi vilivyofuata, baba alipokea malipo ya awali, binti akayalipa kwa jasho, akilala bweni lililofungwa, kifua kikuu kikimnyemelea. Mwaka 1886, huko Kofu, wanawake wa kiwanda cha Amamiya waligoma. Sheria ya viwanda ilipitishwa mwaka 1911, na hata hapo ikasubiri hadi 1916 kuanza kazi. Waajiri hawakuwa na haraka; sijui ni wapi wamewahi kuwa nayo.

Kigali nako karatasi zina mwendo wake. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1980 ni faranga 100 kwa siku. Leo fedha hiyo haimtoi mshonaji mtaa wa Remera kwa basi ikamfikisha kituo cha Nyabugogo. Sheria ya kazi ya 2018 ilimwachia waziri atangaze kima kipya kwa amri. Mheshimiwa, washonaji wanaisubiri.