Barza: mlango wa mbele wa nyumba zetu za zamani

Siku hizi kijana wa Mangina akipata pesa ya kakao, kazi ya kwanza anayofanya kwenye nyumba ya baba yake ni kutengeneza mbele. Anabomoa barza ya zamani, anapandisha ukuta mpaka kwenye mabati, anaweka mlango wa chuma na kufuli mbili. Akimaliza, nyumba iko safi, lakini ndani iko giza, na mzee hana tena mahali pa kuikala jioni. Kijana huyo tunamwelewa. Lakini mbele ya kubomoa, heri ajue kile anachobomoa kilitoka wapi.

Babu zetu hawakuwa na barza. Nyumba ya Wanande ya zamani ilikuwa ya duara, ya miti na udongo, imefunikwa kwa majani. Mlango ulikuwa mmoja, tena mfupi. Mtu aliinama ili aingie. Ndani mlikuwa moto, moshi na giza. Mazungumzo ya wanaume yalikuwa nje, kwenye kyaghanda. Pale walikusanyika kando ya moto, wakapokea wageni, wakakata maneno, wakawafundisha vijana asili ya ukoo wao. Kwa hiyo mlango wa nyumba haukuwa na kazi ya kukaribisha watu. Kazi hiyo ilikuwa ya kyaghanda.

Mabadiliko yalikuja pamoja na ukoloni. Serikali ya Wabelgiji iliwasukuma watu watoke kwenye makao yao yaliyotawanyika, wajenge kandokando ya barabara, ili iwe rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwapata kwa kazi za njia. Tangu hapo nyumba zilipangwa kwa mustari na milango yote ikaangalia barabara. Nyumba ya duara ikaacha nafasi kwa nyumba ya pembe nne: kwanza ya potopoto, kisha ya matofali mabichi, na kwa wenye uwezo ya matofali ya kuchoma. Majani nayo yakaacha nafasi kwa mabati. Na kwa mfano wa nyumba za wazungu wa mashamba na wa kampuni ya madini MGL kule Butembo, watu wakaongeza mbele sehemu yenye paa na nguzo, isiyo na ukuta. Hiyo ndiyo barza.

Jina lenyewe lilisafiri sana. Kule Zanzibar, baraza ni benchi la mawe au la udongo lililojengwa nje, kando ya mlango, ambapo watu wanaikala kuzungumza. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, unajulikana kwa milango yake ya kuchongwa na kwa mabaraza hayo. Kiswahili kilifika Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, ya watu kama Tippu Tip, aliyekufa Zanzibar mwaka 1905. Huku kwetu neno likapata maana ya veranda nzima, na likaingia hata katika Kifaransa cha Kongo: la barza. Hata hivyo maana ya mkutano haikupotea. Mwaka 1998, pale Goma, wakubwa wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walipotaka kusikilizana, chombo chao waliita Barza Intercommunautaire.

Kwa maoni yangu, barza ilirithi kazi ya kyaghanda. Tena ilifanya zaidi, sababu kwenye kyaghanda waliikala wanaume, lakini kwenye barza mama naye anachagua maharagi, binti anasukwa nywele, mtoto anasoma daftari lake. Mpita njia anasalimia «Wavukire», na mwenye nyumba anajibu: «Karibu, ikala kidogo.» Maneno mingi ya parsele na ya ndoa yalitengenezwa pale, bila kufika kwa tribinali.

Tuseme ukweli: si ujinga uliotufanya tufunge milango. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya usiku katika eneo la Beni yamewafundisha watu kuogopa hatua za mtu nje. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa hapa hapa Mangina. Mpaka ugonjwa ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Miezi ile, mlangoni palikuwa ndoo yenye robine na maji ya klore, na kushikana mikono kulikoma. Mgeni alisimama mbali. Barza ilibaki, lakini viti vilirudishwa ndani.

Je, tutengeneze namna gani? Fundi wazee wanajua. Ukuta wa udongo usiupake sima peke yake: sima inakauka ngumu, inafunga unyevu ndani, kisha inabanduka vipande vipande. Heri kuziba nyufa kwa udongo ule ule, kisha kupaka chokaa, ambayo inaacha ukuta upumue. Chini paka rangi nyeusi, sababu matone ya mvua yanarusha matope. Juu paka nyeupe, sababu ukuta mweupe wa barza unarudisha mwangaza wa jua mpaka ndani ya salo. Ongeza paa mbele ili mvua isipige ukuta. Pandisha sakafu, ukijenga ngazi yenye hatua fupi ambazo bibi anaweza kupanda. Juu ya mlango acha dirisha dogo. Mlango wa zamani wa libuyu, kama mbao haijaliwa na mchwa, usafishe na kuupaka mafuta. Wa chuma hauupiti kwa maisha.

Na usalama? Weka kufuli yenye nguvu kwenye mlango wenyewe, na taa ya sola kwenye barza. Mwizi anapenda giza kuliko nafasi ya wazi, na jirani anayekuona kila jioni ndiye wa kwanza kusikia ukipiga kelele.

Ndugu wasomaji, vita imetuachia nyumba mingi zilizofungwa, na zingine wenyewe walikimbia. Siku wanaporudi, wengi wanaanza kwa kufagia mbele ya mlango. Basi tupake rangi, tuongeze mwangaza, tutengeneze kilichobomoka. Lakini tuache mahali pa kiti kimoja cha mgeni.