Herufi Adimu na Historia Yake

Mwanafunzi wa Kakamega akicheza Scrabble, yaani ule mchezo wa kuunga maneno ya Kiingereza kwa vibao vidogo vyenye herufi, hawezi kuandika jina la mji wake. Kwanza, kanuni za mchezo hazikubali majina ya miji. Pili, hata kama zingeyakubali, jina hilo lina K mbili, na katika vibao 100 vya mchezo K ni moja tu. Ingemlazimu atumie kibao kitupu, ambacho husimama mahali pa herufi yoyote lakini hakina alama hata moja. Je, kwa nini herufi tuitamkayo kila siku ikawa adimu namna hii?

Mchezo huo ulibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Alfred Mosher Butts, msanifu wa majengo, alikuwa amepoteza kazi yake. Alichukua kurasa za magazeti akazihesabu herufi zake, apate kujua zipi hutumika sana na zipi ni nadra. Kwa hesabu hiyo E ilipewa vibao 12, kila kimoja alama moja. K ilipewa kibao kimoja cha alama tano. Na Q na Z kibao kimoja kimoja cha alama kumi. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, kwa mkono wa James Brunot. Basi alama hizo hazikupima lugha zote za dunia. Zilipima Kiingereza cha magazeti.

Hata katika Kiingereza chenyewe, uhaba wa herufi una sababu zake. Zamani Waingereza waliandika sauti ya K kwa herufi C: mfalme, ambaye leo ni "king", aliandikwa "cyning". Malkia aliandikwa "cwen". Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi walifuata desturi ya Kifaransa, na neno hilo likawa "queen". Ndiyo maana mchezaji aliyeshika Q huitafuta U kwa hofu, maana maneno mengi ya Q huandamana nayo.

Lakini yako maneno ya Q yasiyohitaji U, na hapa msomaji wa Kiswahili ana msaada ambao pengine haujui. Mengi ya maneno hayo yametoka katika Kiarabu, nasi tunayo majirani yake. "Suq" ni soko. "Faqir" ni fakiri. "Talaq" ni talaka. Na "qat" ni ile miraa ilimwayo Meru. Sauti ya Kiarabu ambayo Waingereza waliiandika kwa Q, Kiswahili cha herufi za Kirumi kiliipa K. Tena, kamusi ya Kiingereza itumikayo katika mashindano imepokea maneno yetu wenyewe: safari, askari, uhuru, ugali na matatu. Mchezaji asiyedharau lugha ya nyumbani huwa na akiba ambayo mwenzake hana. Naye Wellington Jighere wa Nijeria alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Perth, Australia, mwaka 2015, alithibitisha kwamba Mwafrika aweza kuushinda ulimwengu katika mchezo huu wa Kiingereza.

Nchi ya Kakamega nayo ina historia yake ya kuchagua herufi, na haikuwa mchezo. Wamisionari walipofika, Wakweka huko Kaimosi mwaka 1902 na wengine baada yao, kila misheni iliandika lugha ya watu wake kwa namna yake. Watu waliosikilizana kwa maneno wakatenganishwa na vitabu. Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kutafuta maandishi ya pamoja ya Luluyia, na mwaka 1947 ikatoka sarufi iliyoandikwa na L. L. Appleby. Ugumu ulikuwa katika mambo madogo kama haya: Wawanga husema "okhukhola", yaani kufanya, na Wamaragoli husema "kukola". Je, iandikwe kh au k? Atakayeshindwa atawasomea watoto wake maneno asiyoyatamka. Wamaragoli hawakukubali, wakashika maandishi yao, na mwaka 1951 Biblia nzima ikatoka kwa Luragoli. Biblia ya Luluyia ilitoka mwaka 1975.

Yatupasa tusiwalaumu upesi. Waliobishana juu ya herufi moja walijua kwamba herufi hubeba sauti ya mama na baba. Butts alipohesabu herufi za magazeti yake, alitenda haki kwa lugha yake, wala hakuwa na deni la kuhesabu zetu. Kazi hiyo ni yetu. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili na kalamu, uhesabu kila herufi. Utaona A ikizitangulia zote, K ikiwa nyingi, na Q na X huenda usizione kabisa. Kisha ugawe upya alama za vibao, na ukimaliza, uandike Kakamega.